Mushipa Ukikataa Kurudi

Wavuvi wa Kasenga hawaji kwangu kwa ajili ya mushipa, yaani ngiri. Wanakuja kwa homa au kwa ndoana iliyozama kidoleni, na mimi muuguzi ninapowapima tumbo ndipo nauona uvimbe kwenye kinena. "Docta, inarudiaka yenyewe," huniambia, wakiubonyeza kwa kidole. Kweli unarudi. Kwa hiyo sibishani nao juu ya maumivu. Nawaeleza habari ya damu.

Utumbo mwembamba, mita sita hivi, umeshikizwa mgongoni kwa utando mmoja, na ndani ya utando huo ndimo zinamopita ateri zinazoulisha. Ateri mbili zinalisha karibu utumbo wote: ya juu inahudumia utumbo mwembamba na sehemu ya kwanza ya utumbo mpana, ya chini inamalizia. Mtu akiwa amepumzika, karibu robo ya damu inayotoka moyoni huenda kwenye viungo vya kusaga chakula. Akishakula bukari na samaki, huongezeka. Matawi yameungana, hivyo moja likiziba, jirani huweza kusaidia. Ila ubavuni kushoto, karibu na wengu, pale ateri hizo mbili zinapokutana, msaada ni mdogo. Presha ikishuka sana, hapo huumia mapema.

Sasa mushipa. Kipande cha utumbo kimepenya tundu la ukuta wa tumbo, kikavuta na utando wake. Siku tundu linapobana, hubana ateri na vena zote kwa pamoja, wala hakuna jirani wa kusaidia. Vena ndizo zinazofungwa kwanza, maana kuta zake ni laini na presha yake ndogo. Ateri bado inasukuma: damu inaingia, haitoki. Utumbo unavimba, na kwa kuvimba unazidi kujikaza kwenye tundu, mpaka ateri nayo inashindwa. Tabaka la ndani, ambalo hujiumba upya kila siku chache na kwa hiyo lina njaa kubwa ya oksijeni, hufa kwanza. Kisha ukuta wote unakuwa mweusi, na unaweza kutoboka. Saa sita zinatosha kuua kipande.

Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 200, na kambi nyingine za mto Luapula hufikiwa kwa mtumbwi tu. Halafu kuna saa zinazoliwa nyumbani: kukanda kwa maji ya moto, kusukuma kwa nguvu, kunywesha dawa ya kuharisha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikasirisha. Njia imefungwa, unaharisha kwenda wapi?

Balaa hilohilo huja bila mushipa wowote, utumbo mpana unapojisokota na kunyonga utando wake wenyewe. Madaktari wa upasuaji wa Uganda wanaujua ugonjwa huo tangu zamani.

Uvimbe uliokuwa ukirudi ukikataa, ukawa mgumu na kuuma, mgonjwa akatapika na kukosa choo na hata hewa, asile, asinywe, apelekwe kwa mpasuaji wakati huohuo. Aliye mzima nampangia upasuaji mapema. Ng'ambo ya mto, Zambia hufunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wazaliane. Kwa wanaovua upande huo, huo ndio wakati ninaoupendekeza, kwa sababu baada ya kushonwa mtu hatakiwi kuvuta nyavu kwa wiki kadhaa.