Ukijaza Gari, Usitoe Upepo

"Fundi, unitoshee upepo kidogo, tunaenda wengi."

Ombi hili huanza kunifikia shule zinapokaribia kufungwa, na mwezi wa saba ukiingia ndilo ninalosikia asubuhi na jioni. Anayeomba ni papa mwenye Noah ya viti vinane anayekwenda arusini Kolwezi, au mama mwenye Ipsum anayepeleka watoto kwa nkambo yao Likasi. Mwingine anateremka na jipu zuri kutoka Route du Golf, hapa Karavia, kioo chake hakina hata vumbi, naye anauliza lile lile: kwa watu saba na mizigo nipunguze upepo kiasi gani?

Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, basi leo naandika. Hupunguzi hata kidogo. Gari likibeba zaidi, matairi yanataka upepo zaidi. Atakayeniletea gari lililojaa familia na kuniambia nitoe upepo, sitoi, hata kama ni mteja wa siku zote.

Najua hesabu wanayoipiga. Safari ni ndefu, lami ina joto, upepo ukipata moto unavimba, na tairi lililokwisha kujaa litapasuka. Kwa hiyo tuliachie nafasi mapema. Inasikika kama akili, ndiyo maana hata watu waliosoma wanaiamini. Na kweli upepo ukipata moto presha hupanda. Tuseme umejaza bari 2.2 asubuhi ya baridi hapa Lubumbashi, nyuzi kama 10. Ukifika karibu na Likasi, na upepo ndani ya tairi umefika nyuzi 60, kipimo kitasoma bari 2.7 hivi. Nusu bari imeongezeka, na hapo ndipo watu wanaposhtuka.

Hakuna cha kushtukia. Waliotengeneza gari na tairi walijua kwamba tairi litapata moto barabarani, na namba iliyoandikwa kwenye stika ya mlango ni ya tairi baridi, ongezeko hilo wakiwa wamekwisha kulihesabu. Soma ubavuni mwa tairi lenyewe: mengi ya magari madogo yameandikwa kwamba mwisho wake ni kPa 300 au 350, yaani bari 3 au 3.5, na hiyo pia ni ya baridi. Kulipasua tairi zima kwa nguvu ya upepo peke yake kunahitaji presha mara kadhaa kupita hapo. Pampu ya kando ya barabara haiwezi kukufikisha huko.

Basi kwa nini matairi yanapasuka mchana, gari likiwa limejaa? Kwa sababu ya joto, ndiyo, ila ulizeni joto hilo linatoka wapi. Jua linachangia kidogo tu. Joto kubwa linazaliwa ndani ya tairi lenyewe. Kila linapozunguka, sehemu inayogusa lami hubonyea na ubavu hutoka nje. Sehemu hiyo ikiinuka, ubavu hurudi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la gari dogo hufanya hivyo zaidi ya mara 10 kila sekunde. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mahali pamoja: utauona umepata moto, halafu utakatika. Ubavu wa tairi hufa kwa njia hiyo hiyo. Mzigo ukiongezeka, unabonyea zaidi. Upepo ukipungua, unabonyea zaidi tena. Anayejaza gari kisha akatoa upepo ameongeza mara mbili kile kile alichotaka kukikimbia.

Nataka siku moja kila mwenye gari ashuhudie tairi kama hilo likifunguliwa. Kwa nje mara nyingi bado lina meno mazuri, na mwenyewe anakwambia ni jipya. Ulitoe kwenye rimu, uliinamishe, na unga mweusi unamwagika sakafuni, laini kama vumbi la makala. Huo ni mpira wa ubavu wa ndani uliojisaga wenyewe. Pitisha kidole ndani, kuzunguka ubavu, utakuta mstari uliokunjamana, na pale penye hali mbaya nyuzi zimetoka nje, zimekatika moja moja. Tairi hilo halikupasuka kwa upepo mwingi. Lilipikwa polepole kilomita baada ya kilomita, na lililobaki lilisubiri shimo moja tu.

Imani yenyewe haifi kwa sababu inajithibitisha mbele ya macho ya watu. Dereva anasimama peaji kulipia barabara, anagusa tairi, lina moto. Anamwita kwado, fundi wa matairi, kipimo kinasema 2.7, na wote wawili wanakubaliana kwamba ni nyingi. Wanatoa mpaka 2.2. Gari linaondoka, halipasuki siku hiyo, na dereva anakwenda zake akiwa na ushahidi. Asubuhi ya kesho, tairi likiwa baridi, lina bari 1.8 au pungufu, na juu yake kuna watu wanane. Likipasuka juma linalofuata, hakuna atakayekumbuka peaji. Watasema ni jua, au ni tairi la Kichina. Usipime tairi lenye moto ili ulitoe upepo. Likionekana limelala, ongeza. Kupunguza kusubiri asubuhi.

Anayedhani haya ni maneno ya gereji tu, asome yaliyotokea Marekani. Agosti 2000, Firestone iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yake yakiwa kwenye gari la Ford Explorer. Matairi yalikuwa yakibanduka ngozi ya nje gari likiwa mbioni, na magari yakibiringika. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, hilo lilithibitika. Lakini Ford ilikuwa imewashauri wenye magari waweke pauni 26, kama bari 1.8, na matairi yaliporudishwa Firestone ikasema 30. Ajali zilirundikana katika majimbo ya joto, Texas, Florida, Arizona, magari yakiwa na familia na mizigo kwenye barabara kuu. Vifo vilivyohesabiwa vilipita 200. Baada ya hapo ndipo sheria ya huko ikalazimisha magari mapya yawe na taa ya kumwonya dereva upepo ukipungua. Wangeogopa upepo mwingi kama tunavyouogopa sisi, wangeweka taa ya kuonya upepo ukizidi.

Kuna mahali ambapo kutoa upepo ni sawa, na nadhani ushauri huu mbovu ulizaliwa huko. Ukiingia na jipu kwenye mchanga au tope, tuseme njia za Kundelungu, unapunguza ili tairi lipate uso mpana lisizame. Unakwenda polepole, na ukirudi kwenye barabara ngumu unajaza kabla ya kukanyaga mafuta. Mtu wa mjini amesikia nusu ya kwanza ya maelezo hayo, akaipeleka kwenye lami ya N1.

Na kumwagia matairi maji kila mnaposimama? Mnapoza ngozi ya nje, moto uko ndani ya ubavu, na dakika chache baadaye uko pale pale. Kuhusu naitrojeni inayouzwa kama dawa ya kuzuia kupasuka: hewa mnayojaziwa na kwado tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Pesa hizo nunueni kipimo.

Swali mlilopaswa kuniuliza ni lingine: gari langu linabeba kilo ngapi? Viti vinane havimaanishi watu wanane na mizigo yao. Noah, Ipsum na Wish nyingi za hapa kwetu, zenye usukani kulia, zilitengenezwa kwa soko la Japani, na huko gari linapoandikishwa, uzito wake kamili hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Basi. Sanduku halimo katika hesabu hiyo. Ipsum ya viti saba ina kilo 385 za watu. Waweke watu wazima wanne wa kilo 75, hizo ni 300, na watoto watatu wa kilo 30, hizo ni 90. Umefika 390, umekwisha kupita, na buti bado tupu. Ongeza masanduku matatu ya kilo 20, mfuko wa unga wa bukari wa kilo 25, na bidoni la mawese la lita 20, ambalo ni kilo 18. Sasa uko kwenye 493. Gari litaondoka, sikatai, na litafika mara nyingi, lakini limebeba zaidi ya kilo 100 kupita lilivyopimwa, na karibu zote zimekaa juu ya matairi mawili ya nyuma.

Nyuma pakilemewa, mbele panakuwa pepesi. Usukani unaelea, breki za mbele hazishiki barabara vizuri, na taa zako usiku zinamulika macho ya dereva wa lori la shaba anayekuja mbele yako. Kuinua gari kwa kupachika mpira katikati ya springi kunalifanya lionekane limesimama vizuri, na uzito unabaki ule ule.

Mfanye nini, basi? Kwanza, pimeni watu na mizigo nyumbani. Mizani ya dukani mwa jirani inatosha. Ikizidi, punguzeni kilo: unga unauzwa Kolwezi pia, na masanduku mazito yanaweza kutumwa siku moja kabla kwa ajansi ya basi. Vijana wawili wakubwa wapande basi. Ni aibu ndogo kuliko mnavyofikiri, na wengi wao watafurahi. Kwenye gari la viti saba, kiti cha mwisho kikijaa watu, nafasi ya mizigo nyuma yake ni ya viatu tu, kwa hiyo lazeni upande mmoja wa kiti hicho na mkubali kwenda watano au sita.

Kizito kikae chini, sakafuni, kikiegemea mgongo wa kiti, kikiwa kimefungwa kwa kamba. Juu ya keria pandisheni kilicho chepesi na kikubwa: godoro, vikapu vitupu, nguo. Paa la magari haya halikutengenezwa kubeba zaidi ya kilo 50 hadi 100, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Mafuta ya akiba kwenye bidoni ndani ya gari lenye watoto, hapana, hata yakifungwa vipi. Kila mtu na mkanda wake. Mtoto hapakatwi mapajani. Gari likigonga, hakuna mikono ya mama yenye nguvu ya kumzuia.

Spea msiiache nyumbani ili kupata nafasi ya sanduku, nimeliona hilo na linanikasirisha. Iangalieni kabla ya kupakia, maana magari mengi ya Japani yana spea ile nyembamba inayotaka kPa 420, bari 4.2, na isiyopaswa kupita kilomita 80 kwa saa. Ikiwa na bari 2 haina faida. Jeki na ufunguo viwe mahali panapofikika bila kushusha masanduku yote kando ya barabara ambako malori hayapunguzi mwendo.

Upepo sasa. Fungua mlango wa dereva, tafuta stika kwenye nguzo. Hata ikiwa ya Kijapani namba zinasomeka: 220 kPa ni bari 2.2. Kama kuna namba mbili, ile kubwa ni ya gari lililojaa. Kama ni moja tu, na matairi ni ya saizi ile ile iliyoandikwa hapo, ongeza 0.2 au 0.3 nyuma, usipite kilichoandikwa ubavuni. Asubuhi, kabla gari halijatembea. Angalia pia umri wa tairi, hasa la okazi: namba nne za mwisho baada ya DOT, 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi la umri huo msilipeleke safari na watoto, hata meno yake yakiwa marefu.

Na kurudi ni safari nyingine kabisa. Waliokwenda Kasenga na masanduku manne wanarudi na masanduku manne, mifuko ya samaki wa kukauka na gunia la makala walilonunua njiani kwa bei nzuri, wakalifunga juu ya keria. Pimeni upepo tena asubuhi ya kuondoka, kwa kipimo chenu wenyewe, kile cha kalamu kinachoingia mfukoni, kwa sababu cha kwado huenda kimeanguka mara nyingi na hakisemi kweli. Gunia lishuke sakafuni. Kama halina nafasi, libaki kwa aliyeliuza.