Betri za kigari cha gofu: mteja akiagiza moja, uliza kwanza

VIGARI vya gofu vimetoka uwanjani siku nyingi. Ukiacha viwanja vya Nairobi, Kampala, Kigali na Arusha, utavikuta katika hoteli za ufukweni kuanzia Diani hadi Zanzibar, vikibeba wageni na masanduku yao. Vingi ni vya umeme, na kila kimoja kina siku yake: kinachajiwa usiku kucha, asubuhi kinapanda kilima kimoja, kisha kinaanza kutambaa. Hapo ndipo mfanyabiashara wa vipuri anapopigiwa simu: "Niletee betri moja, kuna moja imekufa."

Agizo hilo linaonekana dogo na rahisi. Ndilo linalowatia hasara wengi.

Chini ya kiti cha kigari hakuna betri moja bali kundi zima, mara nyingi sita, zilizounganishwa mfululizo. Umeme unaotoka ya kwanza unapita katika zote. Ni kama watu sita waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji kutoka kisimani: ukimtoa mchovu mmoja na kumweka kijana mwenye nguvu, kasi inabaki ile ya wale watano waliochoka. Chaja nayo haitambui nani mpya na nani mzee. Inaendelea kusukuma umeme mpaka wazee waridhike, na mpya inachemka na kupoteza maji. Baada ya miezi michache mpya imezeeka kama wenzake, na mteja anakupigia tena, safari hii kwa hasira, kwamba umemuuzia betri feki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni umri. Kundi likiwa halijatimiza mwaka na moja imeharibika, ibadilishe kwa ya aina ileile na ukubwa uleule. Likiwa na miaka minne au mitano, ambao ndio umri wa kawaida wa betri za risasi zinazotunzwa vizuri, badilisha zote kwa pamoja. Na joto la pwani halisaidii: mafundi wana kanuni kwamba kila joto likizidi kiwango cha kawaida kwa nyuzi 10 hivi, maisha ya betri ya risasi hupungua kwa nusu.

Kabla ya kuagiza chochote, pima. Betri zichajiwe zijae, zipumzike saa kadhaa, kisha kila moja ipimwe peke yake kwa mita. Ya volti 6 iliyojaa husoma karibu 6.4, ya volti 8 karibu 8.5 na ya volti 12 karibu 12.7. Ukikuta ya volti 8 inasoma 6.4 huku wenzake wako sawa, ujue chumba kimoja ndani yake kimekufa. Zikiwa zote ziko chini kwa pamoja, usikimbilie kuuza. Angalia chaja, na angalia nyaya. Nimeona watu wakitupa betri nzima kwa sababu ya waya mmoja ulioliwa na kutu.

Mteja akikwambia hajui betri zake ni za volti ngapi, mwambie ahesabu vifuniko vya kujazia maji juu ya betri moja. Kila chumba hutoa volti 2. Vifuniko vitatu ni volti 6, vinne ni 8, sita ni 12. Zidisha kwa idadi ya betri: sita za volti 8 ni kigari cha volti 48, sita za volti 6 ni cha volti 36. Akutumie na picha ya nyaya zilivyopita.

Kishawishi kikubwa ni kufunga betri nne za gari la kawaida kwa kuwa zinafika volti 48 na bei yake ni nafuu. Kigari kitaondoka, hilo ni kweli. Lakini betri ya gari ina sahani nyembamba, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha kujazwa mara moja. Ya kigari ina sahani nene, imetengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa nyingi. Soma maandishi pembeni: ikijisifu kwa CCA peke yake, hiyo ni ya kuwashia injini. Unayoitaka itaandikwa Ah, yaani uwezo wake kwa saa.

Angalia pia tarehe. Watengenezaji wengi hugonga herufi na tarakimu: A ni Januari, B ni Februari, na tarakimu ni mwisho wa mwaka, hivyo E5 ni Mei 2025. Betri iliyojazwa asidi hupoteza chaji hata ikiwa rafuni, na ikikaa hivyo sahani zake hugandamana chumvi isiyotoka tena. Shehena ikikwama ghalani, ichajiwe kila baada ya miezi mitatu, mapema zaidi kwenye joto.

Sasa mpakani. Kiforodha, betri za risasi za kuwashia injini zinaingia 8507.10, za risasi za matumizi mengine kama hizi zetu ni 8507.20, na za lithiamu ni 8507.60. Wakala akiandika ya kwanza kwa mazoea, wewe ndiye utakayesimama kujieleza. Wengine hudhani kwa kuwa wamenunua Kariakoo au Nairobi, mzigo chini ya dola 2,000 utapita kwa cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Betri iliyotoka nje ya Afrika Mashariki haiwi ya kwetu kwa kulala dukani.

Betri yenye asidi ni mzigo hatari, nambari yake ni UN2794. Isafirishwe wima, vichwa vimefunikwa, haifungwi pamoja na unga wala nguo. Moja ya volti 6 ina uzito wa karibu kilo 28, kwa hiyo kundi la sita linakaribia kilo 170. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kukodi gari.

Kufunga si kazi ngumu, ila haitaki haraka. Vua pete na saa. Zima ufunguo, na kama kigari kina swichi ya kuvutwa, iweke huko. Piga picha ya nyaya, anza kutoa waya mkuu wa hasi, na spana yako ifungwe utepe mpini wote, maana spana ikigusa vichwa viwili hulipuka cheche mkononi. Sinia la chini lioshwe kwa magadi soda iliyoyeyushwa katika maji. Nyaya zilizoliwa zibadilishwe. Betri mpya zichajiwe zijae kabla ya safari ya kwanza.

Na hapo kuna neno linalochanganya: "maji ya betri". Dukani wengine hulitumia kwa asidi, wengine kwa maji yaliyokenekwa. Betri inayofanya kazi huongezwa maji yaliyokenekwa tu, baada ya kuchaji, yafunike sahani. Mwandikie mteja kwenye risiti.

Lithiamu nayo inaulizwa sana. Ni nyepesi mno na inadumu zaidi, ila bei iko juu, na chaja ya zamani haifai. Uza vyote viwili au usiuze.

Zile sita kuukuu zina thamani, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu watakufuata. Lakini kuzivusha mpaka ni jambo jingine. Chini ya Mkataba wa Basel, ambao Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimeridhia, betri kuukuu ni taka hatari, hazivuki bila kibali cha nchi zote mbili. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua sababu. Kiwanda kilichoyeyusha betri jirani yao kiliwatia sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, mama aliyeanzisha mapambano hayo, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, amri ambayo Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024.

Zikabidhi kwa mrejeleza mwenye leseni katika nchi ileile ulikozitoa, asidi ikiwa ndani, na stakabadhi uibandike nyuma ya ankara ya mteja.