Kutoka "Halafu" hadi "Kwa Hivyo": Usababishano na Taharuki katika Kisa cha Apollo 13

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tuanze na jibu hili. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze msuko wa kisa alichosimuliwa darasani. Akaandika: "Kwanza tangi lililipuka. Kisha umeme ukapotea. Halafu maji yakapungua. Halafu wakahisi baridi. Baadaye hewa ikachafuka. Mwishowe wakafika nyumbani salama."

Sarufi yake ni safi. Matukio yote aliyoyataja yalitokea. Hata hivyo, msahihishaji akitakiwa atoe alama za msuko atasita, kwa sababu alichosoma ni orodha. Ni kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na karatasi yenye majina ya bidhaa badala ya kikapu. Kosa hili ni la kawaida mno katika majibu ya riwaya na tamthilia, na hata katika insha za kubuni za Karatasi ya Kwanza. Mwanafunzi anajua nini kilifuata nini, ila hajui nini kilisababisha nini.

Nimechagua makusudi kisa ambacho hakimo katika vitabu teule. Ukitumia riwaya inayotahiniwa, mwanafunzi hukimbilia mwongozo na kukukariria alichokisoma humo. Hiki hana mwongozo wake. Ni kisa cha kweli cha wanaanga watatu wa Marekani waliokuwa wakielekea mwezini mwaka 1970, vyombo vyao vikaharibika kimoja baada ya kingine wakiwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka duniani.

Kisa chenyewe

Apollo 13 ilirushwa kutoka Florida tarehe 11 Aprili 1970. Ndani walikuwamo James Lovell aliyekuwa kamanda, Jack Swigert na Fred Haise. Walisafiri katika vyombo viwili vilivyounganishwa: Odyssey, chombo kikuu ambacho ndicho pekee kingeweza kuwarejesha ardhini, na Aquarius, chombo chepesi cha kuwatua watu wawili mwezini. Nyuma ya Odyssey kulikuwa na sehemu ya mitambo iliyobeba matangi mawili ya oksijeni.

Hapa mwalimu, simama kidogo. Waulize wanafunzi oksijeni hiyo ilikuwa ya nini. Wote watajibu, "Ya kupumua." Ni kweli, lakini ni robo tu ya jibu. Mitambo ya umeme ya chombo ilifanya kazi kwa kuunganisha oksijeni na haidrojeni. Muungano huo huzaa umeme, na huzaa maji pia. Kwa hiyo tangi lile lilikuwa pumzi, taa, joto na kinywaji kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akishalielewa hili, hatahitaji kukariri mfuatano wa matatizo, kwani anaweza kuukisia mwenyewe.

Usiku wa tarehe 13 Aprili, yapata saa tatu na dakika nane kwa saa za Houston, Swigert aliombwa na wasimamizi walioko ardhini awashe feni za kukoroga oksijeni ndani ya matangi. Nyaya zilizokuwa ndani ya tangi la pili zilikuwa zimeungua ngozi yake. Cheche ikatokea, moto ukawaka, tangi likapasuka. Mpasuko huo uliharibu pia mfumo wa tangi la kwanza, nalo likaanza kuvuja. Lovell alipochungulia dirishani aliona hewa ikifuka kutoka katika chombo chao na kupotelea angani. Mitambo miwili ya umeme kati ya mitatu ilikuwa imekufa, na wa tatu ulikuwa njiani kuifuata.

Wakahamia Aquarius. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, kwa hivyo tusipapite mbio.

Kila suluhisho huzaa tatizo

Aquarius iliundwa kwa watu wawili na kwa muda wa siku mbili hivi. Sasa ilitakiwa iwatunze watu watatu kwa takriban siku nne. Kuhama kule kuliwaokoa na kifo cha saa chache zilizofuata, lakini ndiko kulikozaa matatizo ya siku zilizobaki. Betri zisingetosha, kwa hivyo wakazima karibu kila kitu. Vifaa vilipozimwa joto lilitoweka, likashuka hadi karibu nyuzi 3. Baridi hiyo nayo ikaufanya mvuke wa pumzi zao kuganda kuwa matone ya maji kwenye kuta na nyuma ya paneli za swichi. Maji na umeme havipatani: je, siku ya kuiwasha Odyssey tena ingekuwaje?

Maji ya kunywa nayo yalikuwa yakihitajika kupozea mitambo, kwa hivyo kila mmoja akajibana kwa kiasi cha kama glasi moja ndogo kwa siku. Kutokana na hilo, Haise akaugua maambukizi ya njia ya mkojo.

Kisha pumzi. Watu watatu hutoa hewa chafu ya kabonidayoksaidi kuliko wawili, na mikebe ya kemikali ya kuinyonya iliyokuwamo Aquarius isingetosha. Mikebe mingine tele ilikuwako Odyssey, ila ilikuwa ya mraba, na matundu ya Aquarius yalikuwa ya mviringo. Wahandisi ardhini wakakaa wakabuni kiunganishi kwa vitu ambavyo wanaanga walikuwa navyo mikononi tu: mifuko ya plastiki, mipira ya suti zao, majalada ya vitabu vya maelekezo na utepe mpana wa gundi. Maelekezo yakasomwa kwa redio, hatua kwa hatua, bila picha wala mchoro. Kiunganishi kikafanya kazi.

Sasa lirudie jibu la mwanafunzi wetu na uliandike upya: "Kwa kuwa oksijeni ndiyo iliyozalisha umeme na maji, kupasuka kwa tangi kuliwanyima wanaanga vyote viwili, ikawabidi wahamie chombo kidogo. Uchache wa betri humo uliwalazimu kuzima mitambo, jambo lililoleta baridi. Na wingi wao ukaifanya hewa ichafuke kuliko ilivyotarajiwa." Matukio ni yaleyale. Kilichobadilika ni viungo: "kwa kuwa", "ikawabidi", "jambo lililoleta". Msahihishaji hana sababu ya kusita tena.

Chanzo kiko wapi?

Watahiniwa wengi wataanza msuko kwa mlipuko. Wengine, walio makini zaidi, wataanza siku ya kurushwa, kwa sababu injini moja kati ya tano za hatua ya pili ya roketi ilizimika takriban dakika mbili kabla ya wakati wake, na watadai hicho ndicho kiangaza mbele. Ni dai la kuvutia, lakini halina mashiko. Injini ile haikuhusiana kamwe na tangi. Zile nne zilizobaki ziliunguruma kwa muda zaidi, safari ikaendelea. Kiangaza mbele hakitoshi kuwa jambo baya lililotangulia jambo baya jingine.

Mbegu ya ajali ilipandwa zamani. Tangi hilo lilikuwa limewekwa kwanza katika chombo cha Apollo 10, na wakati wa kuondolewa mwaka 1968 liliponyoka na kuanguka kama sentimita 5 tu. Mwezi Machi 1970, katika zoezi la matayarisho, tangi lilikataa kumwaga oksijeni yake kwa njia ya kawaida. Mafundi wakaamua kuichemsha itoke, wakawasha kipashajoto cha ndani kwa saa nane. Swichi za kuzuia joto kupita kiasi zilikuwa zimeundwa kwa umeme wa volti 28, lakini umeme wa uwanjani ulikuwa wa volti 65. Swichi zikayeyuka zikashikana, zikabaki zimefungwa. Joto la ndani linakadiriwa kupita nyuzi 500, na ngozi za nyaya zikaungua. Na kipimajoto? Kilibuniwa kisiweze kuonyesha zaidi ya nyuzi 30 hivi, kwa hivyo aliyekitazama aliona kila kitu kiko shwari.

Hicho ndicho kinaya unachoweza kumwonyesha mwanafunzi bila kutoa jasho. Chombo cha kuonya ndicho kilichoficha hatari.

Kuna kinaya kingine kinachomhusu Ken Mattingly. Yeye ndiye aliyepaswa kusafiri badala ya Swigert, lakini aliondolewa siku chache kabla ya safari kwa sababu alikuwa ametangamana na mtu mwenye rubela. Mattingly hakuugua. Akabaki ardhini, na wakati wa hatari akawa miongoni mwa waliofanyia majaribio utaratibu wa kuiwasha Odyssey kwa umeme haba. Watahiniwa hupenda kuita jambo kama hili sadfa. Sadfa ni matukio mawili yasiyohusiana kugongana kwa wakati mmoja. Hapa matarajio yamepinduliwa, na ndiyo maana jina lifaalo ni kinaya.

Na nambari 13? Roketi iliruka saa saba na dakika 13 mchana kwa saa za Houston, ambayo kwa Kiingereza huandikwa 13:13. Wapo wanaolitumia hili kama ishara ya mkosi. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumeshaupunguza mkosi huo kwa nusu!

Taharuki bila siri

Swali gumu ambalo wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu waliwahi kuniuliza ni hili: "Mwalimu, kama tunajua walirudi, taharuki iko wapi?" Tumezoea kufunza kwamba taharuki ni hali ya kutojua litakalotokea. Ufafanuzi huo ni finyu. Ajuaye kwamba watarudi bado hajui watarudi vipi, na kila mlango unapofunguliwa kunakuwa na mwingine nyuma yake. Swali la "je, watapona?" hugeuka kuwa "watapona kwa njia gani, na kwa gharama gani?"

Tazama njia ya kurudi. Kwanza waliiwasha injini ya Aquarius kwa sekunde 34 ili wauzunguke mwezi na kurudishwa na mvutano wake. Njia hiyo ingewaangusha katika Bahari ya Hindi, hii yetu, mbali na meli za uokoaji zilizokuwa Pasifiki. Baada ya kuuzunguka mwezi wakaiwasha tena kwa zaidi ya dakika nne, wakaokoa kama saa kumi na kuelekezwa Pasifiki. Baadaye njia ikaanza kupinda, ikabidi waisahihishe kwa sekunde 14 huku kompyuta imezimwa: Lovell na Haise wakauelekeza mtambo kwa kuitazama dunia dirishani, Swigert akahesabu sekunde kwa saa yake ya mkononi. Mwandishi angetafuta taswira gani bora kuliko hiyo?

Tarehe 17 Aprili waliiwasha Odyssey. Matone yale ya maji hayakuleta hitilafu. Usimruhusu mtahiniwa aite jambo hili muujiza. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu waliungua wakafa katika chombo cha Apollo 1 kikiwa bado ardhini, na baada ya hapo nyaya zilikingwa upya kwa uangalifu mkubwa. Vifo vya watatu wale vimo ndani ya uzima wa hawa watatu. Mwandishi mzuri angelidokeza hilo kwa kisengere nyuma kifupi, sentensi mbili tu.

Kilele kiko katika kimya. Chombo kinapopenya angahewa, redio hukatika kwa dakika kadhaa. Hakuna aliyejua kama ngao ya joto ilikuwa imepasuliwa na mlipuko, na hata wangejua, hapakuwa na la kufanya. Muda uliotarajiwa ukaisha. Sauti haikuja. Ikapita zaidi ya dakika nzima kabla ya Swigert kujibu.

Ukweli wa historia na ukweli wa sanaa

Filamu ya mwaka 1995 kuhusu safari hii imewafanya wengi waamini kwamba Lovell aliwaambia Houston, "Tuna tatizo." Kilichosemwa, na Swigert kwanza kisha Lovell, ni karibu na "Tumepatwa na tatizo." Somo la nyakati na hali limo humo: -me- inaarifu jambo lililokwisha kutokea na athari yake ingalipo, kauli ya mtu anayetoa ripoti, "tuna" inamweka msikilizaji katikati ya hatari. Watengenezaji filamu walikuwa na haki ya kuibadilisha. Vivyo hivyo, kauli mashuhuri kwamba kushindwa hakukubaliki ilitungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Gene Kranz, msimamizi wa safari, hakuitamka usiku ule, ila aliipenda hata akaifanya jina la kitabu chake mwaka 2000. Mtahiniwa anayejadili uhusika wa Kranz asiitumie kama ushahidi wa kihistoria.

Zoezi la kipindi kijacho ni hili. Mwanafunzi akisimulie kisa hiki kwa ukurasa mmoja akianzia kwenye kipimajoto cha mwezi Machi, kisha akiandike tena akianzia usiku wa mlipuko na kulirejelea tangi kwa mbinu rejeshi. Wabadilishane madaftari. Anayesoma apigie mstari kila "halafu" na "kisha", na ajaribu kuweka "kwa hivyo" mahali pake. Palipokataa, amuulize mwandishi ni tukio gani limeachwa katikati.