Toyota Porte

Toyota Porte ni gari dogo la familia lililotengenezwa na kampuni ya Toyota ya nchini Japani kuanzia mwaka 2004 hadi 2020. Linajulikana hasa kwa mlango wake mmoja mkubwa wa kuteleza ulioko upande wa kushoto, ambao hutumiwa na abiria wa mbele na wale wa nyuma pia. Gari lina nafasi ya watu 5 na hutumia petroli. Lilikusudiwa kwa soko la Japani, lakini limefika pia Afrika Mashariki kama gari la mtumba.

Jina

Neno "porte" ni la Kifaransa na maana yake ni "mlango".

Historia

Toleo la kwanza lilitolewa mwezi Julai 2004. Lilikuwa na milango miwili tu ya kupandia: mlango wa kuteleza upande wa kushoto, na mlango wa kawaida wa bawaba kwa ajili ya dereva upande wa kulia. Nyuma kulikuwa na mlango wa buti. Abiria wote wa nyuma walipanda na kushuka kwa upande wa kushoto.

Toleo la pili lilitolewa mwezi Julai 2012. Mlango wa kuteleza ulibaki, lakini upande wa kulia uliongezwa mlango wa bawaba kwa abiria wa nyuma. Pamoja nalo ilitolewa Toyota Spade, ambayo ni gari lilelile lenye sura tofauti ya mbele. Utengenezaji wa yote mawili ulikoma mwaka 2020.

Namba ya chasisi husaidia kutambua matoleo: la kwanza huanza na herufi NNP, na la pili huanza na NSP au NCP.

Muundo

Urefu wa gari haufiki mita 4 na upana wake ni mita 1.69. Kwa vipimo hivyo linaingia katika daraja la magari madogo kwa sheria za Japani, ambazo huweka kikomo cha upana wa mita 1.7 kwa daraja hilo. Sakafu iko chini sana, takriban sentimita 30 kutoka ardhini, na uwazi wa mlango wa kuteleza una upana wa takriban mita 1. Kwa hiyo mzee, mama mjamzito au mzazi aliyebeba mtoto huingia bila kupanda ngazi na bila kuinama sana.

Jambo hilo lina uzito nchini Japani, ambako zaidi ya robo ya wananchi wana umri wa miaka 65 au zaidi, na maegesho mengi ni finyu. Mlango wa bawaba huhitaji nafasi kando ya gari ili ufunguke. Mlango wa kuteleza hurudi nyuma sambamba na ubavu wa gari. Toyota ilitoa pia Porte maalumu kwa watu wenye ulemavu, pamoja na wanaotumia kiti cha magurudumu.

Injini

Toleo la kwanza lilikuwa na injini za silinda 4 za aina mbili: 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,496, pamoja na gia otomatiki za hatua 4. Injini ya 1NZ-FE imetumika pia katika Vitz, Probox, Raum na magari mengine ya Toyota, hivyo vipuri vyake si vigumu kupatikana na mafundi wengi wanaifahamu. Magari machache yaliendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Mlango wa umeme

Mlango wa kuteleza huvutwa na mota ya umeme kwa kutumia waya wa chuma, huku magurudumu madogo yakipita ndani ya reli. Dereva anaweza kuufungua kwa swichi bila kutoka kitini. Ukikutana na kizuizi wakati wa kujifunga, hurudi nyuma ili usimbane mtu.

Mfumo huu unahitaji matunzo. Mchanga na matope yakijaa katika reli, mlango hukwama na mota hufanya kazi kupita kiasi. Betri dhaifu nayo huufanya uende polepole au usimame. Swichi kuu ikizimwa, mlango huendeshwa kwa mkono. Katika toleo la kwanza kasoro hizi zina hatari ya pekee: mlango ukikwama, abiria wa nyuma hawana mlango mwingine wa pembeni ila ule wa dereva.

Afrika Mashariki

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama Japani. Huko mlango wa Porte hufunguka upande wa ukingo wa barabara, na abiria hushuka mbali na magari yanayopita. Katika nchi zinazoendesha upande wa kulia, kama Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlango huohuo hufunguka upande wa katikati ya barabara, na abiria wa nyuma wa toleo la kwanza hulazimika kushukia huko.

Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mtumba yaliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo toleo la kwanza haliwezi tena kuingizwa nchini humo. Tanzania huruhusu magari ya zamani zaidi, ila huyatoza ushuru wa ziada.