Bangi ya Kihindi na Pwani ya Ukungu

Juzi baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nimekaa barazani nangoja kahawa, akaja kijana mmoja wa mtaani. Akatoa salamu, akanipa mkono, kisha akaniuliza mbele ya wazee: “Maalim, nyinyi mwatwambia bangi ni haramu na uharibifu. Mbona Marekani wameihalalisha, na wakulima wake wana majumba? Tena nasikia iko aina ya Kihindi isitawiyo hata pwani za baridi. Sisi hatuna pwani?”

Wazee walicheka. Mimi sikucheka. Kijana yule amemaliza skuli mwaka wa tatu sasa, hana kazi, na mama yake anauza mahamri. Swali la mwenye shida halichekwi. Nilimwomba anipe siku chache, na haya ndiyo niliyomjibu.

Tuanze na jina. Neno letu bangi tumelipokea kutoka Bara Hindi, nalo Waajemi wanalo. Huko Ulaya, mwaka 1785 Mfaransa Lamarck aliuandika mmea huu kwa jina la indika, maana yake wa Kihindi. Lakini miaka zaidi ya mia tano kabla yake, tabibu Mwislamu wa Andalusia, Ibn al-Baytar, aliyefariki Dameski mwaka 1248, alikuwa ameshaandika habari za katani ya Kihindi aliyoiona ikipandwa katika mabustani ya Misri, na jinsi inavyomlevya alaye. Basi mmea huu si mgeni kwa maulamaa wetu, wala hukumu yake haikutolewa kwa kutojua.

Hiyo iitwayo indika na wauzaji wa leo asili yake ni milima ya Hindu Kush, Afghanistan na Pakistan. Ni mmea mfupi, wa majani mapana, na maua yake yameshikana kama ngumi. Huko milimani baridi huwahi kuingia, basi umezoea kutoa maua mapema, mara usiku unapoanza kurefuka. Wataalamu wa mimea hawakubaliani kama ni jinsi mbali au ni ndugu mmoja na ile nyengine ndefu iitwayo sativa.

Ulifikaje pwani ya Marekani? Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wengi wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa mabasi na magari mabovu kupitia Uturuki na Iran hadi Kabul. Baadhi yao walirudi na mbegu mfukoni. Wakati huo huo, kaskazini mwa California, katika wilaya za Humboldt na Mendocino, biashara ya mbao ilikuwa inadidimia, na ardhi iliyokwisha kukatwa miti iliuzwa kwa bei ndogo. Vijana waliouchoka mji waliinunua, na kati ya mboga zao wakapanda bangi.

Pwani ile si kama yetu. Bahari yake ni ya baridi, na wakati wa kaskazi kwetu wao wamo katika mvua. Kiangazi chao huletewa ukungu mzito kutoka baharini, na ile miti mikubwa ya redwood huunywa ukungu huo. Mvua za vuli huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba. Mmea mrefu wa nchi za joto ulikutwa na mvua kabla haujakomaa. Huu wa Afghanistan, kwa kuwahi kwake, uliweza kuitangulia. Ndiyo sababu ukapendwa, na ukachanganywa na mbegu nyengine.

Lakini hapa pana ibra. Lugha yetu hutumia neno moja, ukungu, kwa ule unaotanda hewani na kwa ule unaoota juu ya chakula kilichoharibika. Huko pwani wa kwanza humzaa wa pili. Maua yale yaliyoshikana, ambayo ndiyo thamani ya mmea, hushika unyevu ndani yake, yakaoza kutoka moyoni hali nje yangali mazuri. Basi wakulima wengi waliikimbia pwani yenyewe, wakapanda juu vilimani ambako ukungu haufiki. Kwa hiyo yule aliyemwambia kijana wetu kwamba mmea huu wasitawi pwani ya baridi, alimwambia nusu ya habari.

Na majumba je? Kweli fedha ilipatikana. Bei ilikuwa juu kwa sababu kitu kilikatazwa. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako wa kila mwaka kwa helikopta, mashamba yakang’olewa, watu wakafungwa. Wengine walijificha ndani zaidi ya misitu, wakakinga vijito hata samaki wakakosa maji, wakatega sumu ya panya iliyowaua na wanyama wasio na hatia. Mwaka 1996 wapiga kura wa California waliruhusu bangi kwa wagonjwa, na mwaka 2016 wakairuhusu kwa watu wazima wote. Maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2018. Hata hivyo, sheria ya serikali kuu ya Marekani iliendelea kuikataza.

Ajabu ni kwamba uhalali ndio uliowavunja wale wakulima wadogo. Matajiri waliingia na mashamba makubwa, kodi na leseni zikapanda, mazao yakazidi, bei ikaanguka. Wengi walishindwa hata kulipia gharama zao, wakaacha. Majumba aliyoyasikia kijana wetu, mengi yake ni hadithi ya jana.

Sasa tuje kwa hukumu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila kileweshacho ni haramu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliikemea hashishi kwa ukali. Az-Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1392, aliitungia kitabu kizima cha kuharamisha. Hoja yao haikuwa Marekani imesema nini. Sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na akili ndiyo inayobeba amana ya hayo mengine. Dawa ni mlango mwengine, na mafakihi wameujadili tangu zamani. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotolewa katika mmea huu, isiyolevya, kwa watoto wenye kifafa kikali. Hiyo ni kazi ya tabibu na mizani yake, si ya kijana na kiberiti chake. Na sheria ya Kenya ya mwaka 1994 bado ina kifungo kwa mwenye kulima.

Nilipomaliza, kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Nimekufahamu, maalim. Lakini haramu umenionyesha. Halali i wapi?”

Wallahi neno hilo lilinichoma. Sisi wazee twaijua sana njia ya kufunga mlango. Kuufungua mwengine twasahau. Kule Kibuyuni, Kwale, akina mama wanalima mwani baharini, mmea wa pwani usiomlevya mtu. Nilimwahidi kumpeleka kwa jamaa yangu huko, na tumeagana Jumamosi. Nauli ni juu yangu. Kila mzee aliyecheka siku ile naye amtafute kijana mmoja.

Ukungu hushuka pwani, na ua ndani huoza,
Mali isiyo amani, huja mbio huteleza,
Akili nuru mwilini, haifai kuiuza,
Kijana shika moyoni, haya niliyokujuza.