Msamiati wa Sifa katika Makala za Kampuni: Mfano wa Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru iliyoanzishwa mwaka wa 2003, hudai makala zisizoegemea upande wowote. Sharti hili huonekana jepesi hadi mwandishi anapoieleza kampuni. Sentensi kama 'Safaricom ni kampuni bora iliyoboresha maisha ya Wakenya' ni lugha ya tangazo: ni nani aliyeupima ubora huo? Kwa upande mwingine, 'Safaricom ilizindua huduma ya M-Pesa mwezi wa Machi 2007' haisifu wala haikashifu, na msomaji aweza kuihakiki. Vivumishi ndivyo washukiwa wakuu, ingawa vitenzi navyo havijasalimika. 'Ilikiri' na 'ilisema' havina uzito sawa.

Tatizo kubwa zaidi ni vyanzo. Tovuti ya kampuni yaweza kuthibitisha mwaka wa kuasisiwa kwake, si umuhimu wake. Gazeti la Taifa Leo, hazina kubwa ya habari za Kiswahili nchini Kenya, huchapishwa na Nation Media Group. Hivyo basi, haliwezi kuwa shahidi huru katika makala kuhusu kampuni hiyo. Mwandishi hulazimika kuyaendea magazeti ya washindani, ambayo aghalabu ni ya Kiingereza, kisha afasiri.

Tangu mwaka wa 2014, kanuni za Wikimedia Foundation humtaka anayelipwa kuandika atangaze hivyo. Kanuni hiyo haimgusi shabiki anayesifu bila ujira.