Kocha Anayeogopwa Hudanganywa

Wachezaji wengi wa soka Tanzania hawamwiti kocha wao "kocha". Humwita mwalimu. Neno hilo lina heshima yake, na lina mtego wake pia, kwa sababu wengi wetu tulipitia mikononi mwa mwalimu mwenye fimbo, na mbele ya fimbo mtoto hujifunza mapema kusema kile ambacho mkubwa anataka kusikia.

Tuchukue mfano wa winga wa timu ya mkoa. Alhamisi, katikati ya mazoezi, anahisi msuli wa nyuma ya paja unamvuta. Anapunguza mwendo, anainama kufunga kamba za kiatu ambazo wala hazijafunguka, kisha anaendelea. Mwalimu anamuuliza, "Vipi, uko fiti?" Anajibu, "Niko fiti, mwalimu." Jumamosi, dakika ya 20, anaukimbilia mpira mrefu, anashika paja, anakwenda chini. Zinafuata wiki za barafu na bandeji, na mechi za kutazamia jukwaani. Ukimuuliza kwa nini hakusema, jibu ni moja: angesema, angepokonywa namba.

Kijana huyu hakukosa nidhamu. Alipiga hesabu. Aliwahi kumwona mwenzake akisema anaumwa, akaitwa mvivu mbele ya kikosi kizima, na hakurudi tena kikosi cha kwanza. Siku ile wachezaji wote walipata somo, ingawa mwalimu mwenyewe hakujua kwamba anafundisha.

Hapo ndipo kuaminiana kunapoingia. Wengi hulichukulia suala hili kama jambo la upole, kutaniana na kupigana mabegani. Kwetu sisi tunaoshughulika na mafunzo ya michezo, kuaminiana ni njia ya kupitishia taarifa. Kocha anaona miguu na anashika saa, lakini haoni usingizi uliokatika, goti linalouma asubuhi wala mawazo ya kodi ya nyumba. Hayo ataambiwa tu, na huambiwa yule anayeaminika.

Kuna kipimo kinacholionyesha jambo hili waziwazi. Mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, alibuni namna ya kumfanya mtu aupe namba uzito wa kazi anavyousikia mwilini mwake. Baadaye Mmarekani Carl Foster akaipeleka mbali zaidi: baada ya mazoezi, mwanamichezo anataja namba kati ya 0 na 10, na namba hiyo inazidishwa kwa dakika alizofanya kazi. Saa moja ya mazoezi aliyoyapa 7 inatoa 420. Kocha akijumlisha siku za wiki, anajua ni lini aongeze mzigo na lini aupunguze. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Daftari na kalamu vinatosha, iwe Dodoma au Kakamega.

Lakini kipimo hiki kina tundu moja. Kijana aliyesikia 7 akitaja 4 kwa woga, daftari litaandikwa 240. Kocha ataona mzigo ni mwepesi, ataongeza, na mwili usiojua kudanganya ndio utakaolipa. Kocha anayeogopwa hudanganywa kila siku, kwa adabu kabisa, na watu wanaomwita mwalimu.

Basi imani hii inatoka wapi? Lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi. Kuna kuamini, kuna kuaminika, kuna kuaminiana. Makocha wengi hudai la kwanza: niaminini. Kwa utaratibu ulio sawa, kocha huanza na la pili, yaani awe mtu wa kuaminika, na hilo la tatu huja lenyewe kwa wakati wake. Mwaka 1995 watafiti Roger Mayer, James Davis na David Schoorman waliandika kwamba mtu huonekana wa kuaminika kwa mambo matatu: uwezo wake katika kazi, nia yake njema kwa anayemwamini, na uadilifu, yaani maneno yake kulingana na matendo yake. Waliandika kuhusu mahali pa kazi, lakini uwanja wa mazoezi nao ni mahali pa kazi.

Tuyapime mambo hayo kwa jirani zetu wa Bonde la Ufa, Kenya. Patrick Sang alishinda medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Nyumbani kwao Nandi, kijana mmoja alimfuata kumwomba programu ya mazoezi. Sang akamwandikia. Kijana akaenda, akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Ndiye Eliud Kipchoge. Angalia nani alitoa nini kwanza: mkubwa alitoa muda wake kwa mtu ambaye hakuwa na jina bado, na mdogo akaonyesha kwamba karatasi aliyopewa hakuitupa. Imani yao ilianza na ahadi ndogo, kila upande ukatimiza yake.

Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mbele ya nyota Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Lakini siku za ushindi hazipimi imani. Mwaka 2012 alishindwa kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya London. Wengi wangebadilisha kocha. Wao wawili walibadilisha mbio: mwaka uliofuata alishinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, na Oktoba 2019 akakimbia kilomita 42.195 jijini Vienna kwa saa 1:59:40. Mwaka 2020 alimaliza wa nane katika marathoni ya London, na mwaka uliofuata akatetea dhahabu yake ya marathoni ya Olimpiki, kocha akiwa yuleyule. Kwa miaka mingi Kipchoge amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye madaftari, na kambini Kaptagat bingwa huyo hushika zamu ya usafi kama wengine. Mahali ambapo kanuni haimkwepi mkubwa, mdogo huona uadilifu bila kuhubiriwa.

Msomaji anaweza kusema Sang aliaminiwa kwa sababu alikimbia mwenyewe. Haitoshi. Pale Iten, Bruda Colm O'Connell alifika kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, bila cheti cha ukocha wa riadha. Uwezo wake aliujenga kwa kutazama wanafunzi wakikimbia na kuwasikiliza. Mikononi mwake alikua David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London. Medali ya zamani humfungulia kocha mlango, lakini kinachomweka ndani ni jinsi anavyowasikiliza walio mbele yake.

Sasa upande wa pili, ambao ni hatari kuuruka. Kuaminiana si kufumba macho. Kanuni za dunia za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinambebesha mwanamichezo mwenyewe jukumu la chochote kinachokutwa mwilini mwake. Kusema "kocha ndiye aliyenipa" hakufuti kosa. Kwa hiyo kila kidonge na kila sindano viulizwe, na kocha mwema hafurahii kutoulizwa.

Vilevile jihadhari na mtu mmoja kushika kila kitu. Mwanariadha Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, akiwa na miaka 25 tu, Kenya ililazimika kuzungumza kwa sauti kuhusu wanariadha wa kike ambao mbio zao, mapato yao na maisha yao ya nyumbani hutawaliwa na mwanaume mmoja. Mkono unaoshika filimbi usishike pia kadi ya benki na ufunguo wa chumba. Mzazi, klabu na chama vinapaswa kuwepo kama jicho la tatu, na mtoto awe na mtu mwingine, asiyeweza kumnyima namba, wa kumweleza mambo.

Kwa kocha anayetaka kuanza, mambo si makubwa. Unapomwacha mchezaji, mwambie wewe mwenyewe, na sababu yake, kabla hajajisomea orodha ukutani. Usiahidi dakika usizoweza kutoa. Ukikosea mpango wa mechi, sema mbele yao kwamba ulikosea. Hawatakudharau, maana walishaona. Anayekuambia anaumwa, mshukuru papo hapo, mpeleke kwa daktari, na akipona mpe nafasi ya haki ya kugombea namba yake. Wenzake wanatazama utakavyomtendea, na jibu watakalokupa mwezi ujao linaandaliwa siku hiyo.

Kisha jichunguze. Sophia Jowett wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, ambaye amelichunguza suala hili kwa miaka mingi, hutazama ukaribu, kujitoa na kukamilishana kati ya kocha na mwanamichezo. Halafu anaongeza swali la nne: je, kila mmoja anauona uhusiano huo kama mwenzake anavyouona? Kocha anaweza kuapa kwamba vijana wake wanamwambia kila kitu, huku vijana wakiwa na kikao chao kwenye basi.

Rudi kwa winga wetu. Alhamisi ile swali liliulizwa, tena kwa wakati wake. Lililokosekana ni usalama wa kulijibu. Kesho asubuhi, mwalimu, kabla ya kupuliza filimbi, waulize vijana wako wamelalaje na nini kinawauma. Wote wakijibu kwamba wako fiti, usifurahi haraka.